Programu Huria Zina Wateja Wengi, Wanachama Wachache

Kila msimu wa risechi ukifika, makundi yetu ya WhatsApp hujaa ujumbe wa aina moja. "Wadau, nani ana SPSS inayokubali?" "Kobo imegoma kutuma fomu, msaada tafadhali." "R inaniletea maandishi mekundu, dedlaini kesho." Inafuata picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, na ule mstari wenye maelezo ya kosa umekatwa nusu. Baada ya dakika kumi: "Mbona kimya jamani? Grupu limekufa hili?"

Kuomba msaada si kosa. Chuo kizima kinaendeshwa kwa kuombana, kuanzia desa hadi nauli ya daladala bumu likichelewa. Nina shida na hiyo "mbona kimya" tu. Ni sauti ya mtu aliyelipia huduma na hajahudumiwa. Na haisikiki Moshi peke yake. Watu wanaotunza programu huria sehemu mbalimbali za dunia wanalalamikia jambo hilohilo: mgeni wa siku hizi anaingia kama mteja aliyeingia dukani, anagonga meza, anauliza muuzaji yuko wapi. Muuzaji hayupo. Hakuna duka.

Kiswahili kimetupa neno zuri, huria. Kiingereza kina neno moja linalobeba bure na huru kwa pamoja, na Richard Stallman, tangu aanzishe mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika kurudia kila jukwaani kwamba anaongelea uhuru, si bei. Sisi lugha imetutenganishia kazi hiyo mapema, na bado tumeichanganya. Sababu iko mtaani. Kwenye steshenari za karibu na vyuo karibu kila programu ni ya bure: Windows ya kraki, SPSS ya kraki, Adobe ya kraki, unawekewa kwa hela ya chips mayai na muziki juu. Aliyekulia humo akikutana na R au LibreOffice haoni tofauti yoyote. Zote ni vitu ambavyo hakuna mtu aliyevilipia, ila ile ya kraki ina muonekano mzuri zaidi na mhadhiri anaijua.

Kwa hiyo anakuja nazo zile tabia za kraki. Kraki haina watu nyuma yake. Ikigoma unarudi kwa kijana aliyekuwekea, unamlalamikia, anakuwekea nyingine. Programu huria ina watu, wengine majina yao yapo wazi kabisa, na ukiandika kwa hasira kuna binadamu anayesoma. R ilianzishwa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na wahadhiri wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, waliotaka programu ya takwimu ya kufundishia. Koha, ambayo maktaba nyingi za vyuo duniani, hata hapa kwetu, zinaitumia kuorodhesha vitabu, ilitoka kwenye maktaba za wilaya huko huko New Zealand mwaka 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. KoboToolbox unayokwenda nayo fildi imejengwa juu ya ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington. Takwimu za vituo vya afya vya nchi yetu zinapita kwenye DHIS2, mfumo huria ulioratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na kukuzwa pamoja na watu wa Dar es Salaam. Unaweza kumaliza miaka mitatu ya digrii ukiegemea kazi za watu hawa kila wiki na usijue hata mmoja wao.

Mimi ni wa Masama, kule juu wilayani Hai, na kwetu kuna kitu kinaitwa mfongo. Wenyeji wa mlimani mnaujua, wengine niwaeleze. Ni mfereji unaochepusha maji ya kijito na kuyatambaza ubavuni mwa mteremko hadi kwenye vihamba, kwenye migomba na kahawa. Mingi ilichimbwa kabla Mjerumani hajafika. Wageni wa Kizungu wa karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi na wakaistaajabia. Mfongo hauna pampu wala mita. Una zamu za maji na una siku za kazi: kuzibua, kung'oa majani, kujenga upya palipobomolewa na masika. Asiyefika siku ya kazi anatozwa faini, au zamu yake inarukwa na majirani wanajua kwa nini. Hakuna anayeitwa mteja wa mfongo. Neno lenyewe lingechekesha.

Lakini mfano huu una mahali unapokwama, na ni vizuri niuseme kabla hajausema mwingine. Maji ukichota yanapungua. Programu ukiinakili haipungui. Watu laki moja wakipakua R leo jioni, Auckland hawapungukiwi kitu. Anayetumia kimyakimya na kumaliza risechi yake hamnyang'anyi mtu zamu. Kwa hiyo siungani na wale wanaosema kila mtumiaji ana deni la kuandika msimbo. Wengi wetu hatujui kuuandika, na hatutaujua, na hiyo si dhambi.

Kinachopungua ni muda na moyo wa wale wachache wanaokaa kwenye banio. Huo ndio unaochotwa kila mtu anapokuja na "mbona kimya".

Kama unadhani hili ni suala la adabu tu, soma kisa cha xz. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo karibu kila mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 zikaanza kuingia barua za malalamiko: masasisho yanachelewa, mtunzaji amechoka, awaachie wengine. Collin alijibu kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili kwa muda mrefu, na akawakumbusha kuwa ile ni kazi ya hiari isiyo na malipo. Shinikizo halikuisha. Pembeni alikuwepo mgeni mmoja mpole, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan. Huyu halalamiki, analeta marekebisho mazuri mwezi hadi mwezi. Mwisho akapewa funguo za mradi. Mwanzoni mwa 2024 Jia Tan alipenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mlango ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva zisizohesabika duniani. Uligunduliwa mwezi Machi na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde, basi.

Wale walalamikaji wa 2022 hawakusikika tena, na wengi waliochunguza kisa hiki wanaamini majina yao yalikuwa ya kughushi. Jiulize sasa kwa nini ujanja ule ulifanikiwa. Ulifanikiwa kwa sababu lugha yao haikuwa na kitu cha kutia shaka. Ilikuwa lugha ya kila siku ya watumiaji: unachelewa, hujali, mpe mwingine. Mwizi alijificha katikati ya zogo la wateja halisi, na zogo hilo tunalijenga sisi kwa neno moja moja.

Wapo kaka zetu wa zamani wa Linux watakaosoma hapa na kutikisa kichwa kwa kuridhika: tulisema, vijana wa siku hizi. Hebu tuliwekane sawa na hilo. Zamani haikuwa peponi. Mgeni aliyeuliza swali rahisi aliambiwa asome mwongozo, mara nyingi na tusi juu yake. Eric Raymond aliandika mwaka 2001 maelekezo marefu ya namna ya kuuliza maswali kwa akili, na yana mengi ya maana, ila yaliishia kuwa fimbo: mtu alitupiwa kiungo cha maelekezo hayo badala ya jibu. Linus Torvalds mwenyewe, mwenye Linux, mwezi Septemba 2018 aliomba radhi kwa miaka ya kuwatolea watu maneno makali, akapumzika kwa muda kujirekebisha. Na kwa Mtanzania, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, swali lililoitwa la kijinga mara nyingi lilikuwa swali zuri lenye sarufi mbovu. Wangapi walijaribu mara moja wakaondoka? Wadada wangapi? Jamii hizi kulegeza kamba ilikuwa haki, na nisingependa turudi kule.

Ila mlango wa zamani, pamoja na ubaya wake, ulikuwa mwembamba kwa sababu nyingine pia. Kuipata programu kwenyewe ilikuwa kazi. Hadi mwaka 2011 wenye Ubuntu walikuwa wanatuma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Unajaza anwani ya sanduku la shule au la parokia, unasubiri wiki na wiki. Inafika, unaiweka, sauti haitoki, unahangaika. Aliyevuka yote hayo alikuwa ameshawekeza kitu kabla hajauliza swali lake la kwanza, na alijua wazi kwamba hiki si kitu cha dukani. Leo unaipakua kwa bando la usiku na inawaka mara ya kwanza. Ni maendeleo makubwa na nayashangilia. Lakini urahisi huo umefuta ule wakati ambapo mgeni alijifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba ameingia kwenye nyumba ya watu.

Badala yake kuna aina nyingine ya mgeni, na huyu yuko kwetu wa TEHAMA zaidi kuliko kwa watu wa risechi. Haji kuomba, anakuja kutoa, lakini anatoa kwa ajili ya CV. Kaambiwa mwajiri ataangalia ukurasa wake wa GitHub, basi anatafuta mradi mkubwa, anabadilisha neno moja kwenye faili la README, anatuma. Oktoba 2020 tatizo hili lilifurika. Kampuni ya DigitalOcean ilikuwa inatoa fulana kwa waliotuma mabadiliko manne kwenye miradi huria, na watunzaji wakaamka kukuta maelfu ya "marekebisho" ya kuongeza neno la kusifia mradi, kuhamisha nukta, kuandika jina la mtu. Kila moja inatakiwa kusomwa na kufungwa na mtu. Ilibidi sheria zibadilishwe mwezi ukiwa bado mchanga. Miongoni mwa waliotuma walikuwemo wanafunzi wa nchi kama zetu, na siwalaumu sana: fulana ni fulana, na ajira hakuna. Ila siku ile mtunzaji wa mradi alipoona jina la mgeni mpya hakufurahi tena. Alihema. Na atakayekuja kesho kutoka Moshi na rekebisho la kweli atapokelewa na kuhema huko huko.

Tangu akili mnemba zishike kasi mambo yameongezeka uzito. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu inayohamisha data kwenye vifaa visivyo na idadi, amekuwa akieleza waziwazi tangu 2024 jinsi anavyopokea taarifa za hatari za kiusalama zilizoandikwa vizuri, kwa Kiingereza kilichonyooka, zenye vichwa vya habari, na ambazo ni uongo mtupu uliotungwa na mashine. Zamani Kiingereza kibovu kilimfanya mgeni adharauliwe. Sasa Kiingereza kizuri mno ndicho kinachomtia mashaka. Sijui tucheke au tulie.

Tuache ya Finland na Sweden, turudi kwetu, maana kuna hasara moja ambayo ni yetu peke yetu.

Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice. Ofisi nzima ya kompyuta, kuandika, majedwali, maonyesho, menyu zote kwa Kiswahili. Ili kufika hapo ilibidi watu wakae na kubishana maneno, kwa sababu mengi hayakuwepo au yalikuwepo mawili matatu. Mwaka huohuo Microsoft nao walitangaza mpango wa kuweka Kiswahili kwenye bidhaa zao. Kwa hiyo watu wachache, wengine wakiwa wanafunzi kama sisi, walifikisha Kiswahili kwenye kompyuta sambamba na kampuni kubwa kuliko zote.

Uliza darasani kwako leo nani amewahi kuisikia Jambo OpenOffice. Mimi nimeuliza. Mhadhiri mmoja aliikumbuka.

Haikushindwa kwa ubaya. Tafsiri ya programu si jengo kwamba ukishaezeka umemaliza. Ni kihamba. OpenOffice iligawanyika mwaka 2010 ikazaliwa LibreOffice, kila toleo linaongeza menyu na ujumbe mpya, na kila neno jipya linataka mtu wa kukaa nalo. Mradi wenye ufadhili unaweza kuanzisha. Kuendeleza kunataka kizazi kinachofuata kije kikute kazi na kuipokea. Kizazi kinachofuata ni sisi, na tulipofika tuliuliza SPSS iko wapi.

Inashangaza zaidi kwa mji huu. Wakulima wa kahawa wa mlimani walikuwa na chama chao tangu 1925, KNCU ipo tangu 1933, chuo cha ushirika kilianza hapa 1963. Kuna kozi nzima zinazofundisha tofauti ya mwanachama na mteja: mwanachama ana kura, ana wajibu, na hasara ikitokea ni yake pia. (Najua, najua, vyama vyetu navyo vina mambo yake, waulize wazee waliosubiri malipo ya kahawa.) Mwanafunzi anaweza kuandika kurasa nane kuhusu kanuni za Rochdale za 1844 kwenye LibreOffice na asigundue kwamba anachoandikia kinaendeshwa kwa jambo linalofanana sana na analoliandikia.

Kikwazo chetu kikubwa, nikisema ukweli, hata si ukali wala uvivu. Ni mahali tunapoulizia. Swali likijibiwa kwenye WhatsApp linafukiwa na salamu za asubuhi na tangazo la chumba cha kupanga Soweto. Muhula ujao mwingine anauliza lile lile na anayejua anajibu upya, mpaka anachoka, na ndipo grupu "linakufa". Siku hizi wengi hawaulizi hata huko, wanaiuliza mashine chumbani peke yao, wanapata jibu, wanafunga. Jibu hilo halimfikii mwingine. Jamii za programu huria zilijengwa juu ya tabia ya kuuliza hadharani na kuacha jibu mahali litakapopatikana, na ndiyo maana mashine zenyewe zina cha kujibu: zilisomeshwa maandishi hayo. Kwa Kiswahili maandishi hayo ni haba. Tukiendelea kuuliza gizani yatabaki haba, na mashine itaendelea kutujibu Kiswahili cha kuungaunga halafu tutaicheka.

Kazi za mgeni asiyejua msimbo zipo tele. Common Voice ya Mozilla inakusanya sauti za Kiswahili tangu kazi hiyo iliposhika kasi mwaka 2021. Unasoma sentensi kwa simu, unasikiliza za wenzako, unathibitisha. Lafudhi ya mlimani inahitajika humo kama ya Pwani. Masakhane, jamii ya watafiti wa lugha za Afrika iliyoanza 2019, imezoea kumpokea asiye na shahada ya kompyuta kwa sababu anayejua lugha ndiye mwenye mali. Kwenye OpenStreetMap, wanafunzi wa Ardhi na wa Dar es Salaam walichora mitaa ya mafuriko ya Dar kupitia Ramani Huria kuanzia 2015, kazi iliyosaidia watu wanaopanga mitaro na uokoaji. Vijiji vya kwetu Masama vina njia nyingi ambazo mwenyeji tu ndiye anayejua zinapita lori au pikipiki, na mifongo ambayo haimo kwenye ramani yoyote.

Ninaloiomba serikali ya wanafunzi ni dogo na halihitaji bajeti. Jumamosi moja kila mwezi, chumba kimoja chenye soketi zinazofanya kazi. Anayetaka R, QGIS au LibreOffice aje na laptopu yake awekewe, na ile kraki iondolewe kabla haijatuletea virusi vingine. Sharti liwe moja: kila tatizo litakalotatuliwa siku hiyo liandikwe kwa Kiswahili, na aliyesaidiwa, si aliyesaidia, kwenye ukurasa wa wazi ambao mwaka wa kwanza wa 2030 ataweza kuupata kwa kutafuta. Swali, maandishi ya kosa yote bila kukatwa, kilichojaribiwa, kilichofanya kazi. Asiyeandika, Jumamosi inayofuata anakaa mwisho wa foleni. Kule kwetu ndivyo zamu zinavyorukwa, na hajawahi kutukanwa mtu.

Mwenye laptopu isiyowaka kabisa naye alete. Linux nyepesi imefufua nyingi zilizoonekana zimekufa.